Nilivyozunguka Mlima Kwenda Kusema Mimi Si Wao

Nyinyi mnaokunywa chai kwa Mama Zaina mliniuliza nilikuwa wapi wiki nzima, na nikawajibu. Shida ni kwamba niliwajibu mara nne, na Mama Zaina anasema majibu hayafanani. Ati Hassan kinyozi nilimwambia nimetoka mahakama ya dunia, na fundi wa viatu nikamwambia nilishikwa mateka na nyuki. Basi nimenunua daftari, nimekaa mlangoni mahali pana mwanga, naandika mara moja, ukweli mtupu, ili mtu akiniuliza tena nimpe asome mwenyewe. Mniwie radhi kwa mwandiko. Mimi shule niliachia darasa la tatu, baada ya mwalimu kugundua kwamba insha zangu zote zina simba, hata ile ya kuhusu usafi wa meno.

MAJENGO, MAHALI NILIPOHARIBIA

Biashara yangu mnaijua. Nauza asali kwa chupa, upande wa chini wa msikiti, na kwa miaka mingi nimewaambia wateja kwamba asali hii inatoka msitu ule wa kaskazini, kule nyuma ya Nanyuki ardhi inapoanza kuteremka na kukauka. Nikasema ni kwa watu wa mama yangu, wale ambao wameishi na mizinga yao miaka na miaka kabla hajafika Mkikuyu wala Mzungu. Maneno hayo ndiyo yalikuwa yanauza. Asali yenyewe huwa naletewa na jamaa mmoja wa Kiganjo, hapa karibu, na huko msituni sikuwa nimewahi kukanyaga. Nasema mapema ili tusigombane huko mbele.

Sasa siku moja akaja msichana amevaa fulana ya kampuni. Akanunua chupa ndogo, akasikiliza hadithi ya mama yangu mpaka mwisho, jambo ambalo nyinyi hamjafanya hata siku moja. Akaniambia kama anayemwambia babu yake, "Guka, kesho kuna mkutano wa watu wa msitu hapa Nyeri, kwa hoteli. Kuja. Kuna lunch."

Mimi nikaenda. Kulikuwa na hema nyeupe, pilau, kuku, na matikiti yaliyokatwa vizuri. Niliandika jina langu kwa orodha ya mlangoni, na pale palipoulizwa jamii yako ni gani nikaandika "msitu". Kwa saa mbili bwana mmoja alionyesha picha ukutani. Sitadanganya, sikusikia hata neno moja. Nilikuwa nimepata paja.

Mnajua desturi yetu. Mzee akishalishwa hawezi kupangusa mdomo na kwenda zake. Lazima asimame, ashukuru, abariki waliomlisha, aseme yote yaliyonenwa hapa yawe, na watu waitikie thaai, yaani amani. Nikaangalia kushoto na kulia, nikaona mwenye mvi ni mimi peke yangu. Nikasimama, nikainua mikono. Nikasema, "Sisi watu wa msitu, mliyoyasema leo tumeyapokea kwa mikono miwili. Yaende yakastawi." Watu wakaitikia thaai. Wakanipiga picha. Nikapewa kofia na pilau ya kubeba, nikarudi nyumbani nikijiona chifu.

Wiki kadhaa zikapita. Jumatatu moja asubuhi akaja mwanamke wa miaka kama thelathini na kitu, buti za ngozi, shanga nyembamba shingoni, faili kwapani.

"Wewe ndiye Mzee Gachoki?"

"Ndiye. Unataka chupa kubwa ama ndogo?"

Akafungua faili, akatoa karatasi yenye picha. Nilikuwa mimi, mikono juu, mdomo wazi.

"Hii ni wewe?"

"Ni mimi. Nimetoka vizuri."

"Soma hapo chini."

Nikamwambia sina miwani. Akanisomea yeye: "Mzee wa jamii akitoa idhini kwa niaba ya watu wake."

Anaitwa Naserian, na yeye ni wa msitu ule kwelikweli. Akanieleza kile bwana alichokuwa anaonyesha ukutani wakati mimi nina paja. Kampuni inataka kuzungushia msitu ua wa nyaya za stima, ijenge hoteli ya watalii ndani, na wenyewe watoke na mizinga yao wakaishi ukingoni.

"Lakini mama, mimi nilishukuru chakula tu," nikasema.

"Najua. Huku kwenu mzee hushukuru hivyo. Lakini wao wameandika idhini."

Akatoa kijitabu kilichochakaa pembe zote. Akasema mataifa ya dunia yalikaa, yakaandika kwamba watu wa asili kama wao wana haki ya kujiamulia mambo yao, na mtu akitaka kufanya kitu kwa ardhi yao lazima awaulize kabla, wakiwa na habari yote, bila kusukumwa, nao wajibu kwa njia yao wenyewe. "Wenyewe, mzee," akasema. "Hakuna mahali imeandikwa muuza asali wa Majengo."

Nikamwambia nitaandika barua nikane. Akasema hiyo wameshajaribu, na kampuni imejibu kwamba nilijitambulisha mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na sheria inaheshimu mtu akijitambulisha. Nikikana sasa watasema nimehongwa. "Lakini kujitambulisha ni nusu," akasema. "Nusu ingine ni sisi tukutambue. Jumamosi kuna mama mgeni anakuja msituni, kazi yake ni kuzunguka akiandika habari za haki za watu kama sisi. Ofisa wa kampuni atakuwa hapo. Na wewe utakuwa hapo, na mtu wa damu yako anayejua mama yako alitoka wapi. Uko na mtu kama huyo?"

Nilikuwa naye mmoja tu, dada yangu Wanjira. Anaishi Mwea, na alikuwa hajaniongelesha miaka sita.

NYERI MPAKA KAGIO

Jumanne nikapata nafasi kwa pickup ya kabeji. Kutoka Nyeri kwenda Nanyuki ni mwendo wa saa moja na kidogo, lakini mimi niliondoka nimeipa Nanyuki mgongo, nikateremka upande wa pili kumtafuta dada. Nambari ya simu yake sikuwa nayo. Nilijua tu kwamba siku ya soko huuza mchele wake Kagio.

Karatina dereva akasimama tule mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na kuchomwa. Mwenye mutura akaniuliza natoka wapi, kosa ambalo watu hufanya. Nilipomaliza kumjibu, pickup haikuwepo. Niliipata tena nje ya mji, dereva ameketi juu ya bampa akichokonoa meno.

"Mzee, nilipiga honi mara tatu."

"Nilidhani ni ya mwingine."

"Ulikuwa unamwambia nini yule mtu?"

Nikaanza kumwambia. Akawasha redio.

Kagio tukafika jioni, soko linafungwa, wanawake wanafunika nyanya kwa magunia. Nikauliza mmoja kama anamjua Wanjira wa mchele, wa kutoka Mwea.

"Wanjira ni wengi. Huyo wako anakaa aje?"

"Ni mrefu, mzee kunishinda kidogo, na hacheki."

"Ah, huyo," wakasema watatu kwa pamoja. Wakanieleza kwamba hajaja soko wiki tatu. Mchele wake unaiva na yuko shambani anachunga ndege wasiule. Mmoja akanipa mahali pa kulala kwa stoo yake, kati ya makreti. Alfajiri nilinuka nyanya kiasi kwamba mbuzi alinifuata mpaka stendi.

MWEA

Dada yangu nilimpata amesimama kwenye tuta katikati ya mashamba yenye maji, kitambaa cha bluu kichwani, kombeo mkononi, anarusha matope kwa ndege na kupiga kelele ambazo zingemfanya mama yetu amchape.

"Umekuja kunitangazia kifo cha nani?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu.

"Hakuna mtu amekufa."

"Basi umekuja kuomba kitu."

Nikamweleza yote, kutoka kwa paja mpaka kwa kijitabu. Nilipofika pale nimeinua mikono kubariki, akakaa chini kwenye ukingo wa mfereji, akaweka kombeo kando, akacheka. Nasema hacheki, lakini alicheka mpaka mwenye shamba la pili akauliza kama kuna mgonjwa. Kisha akapangusa macho, akanikazia.

"Ati mama yetu alikuwa mtu wa msitu?"

"Ilikuwa ya biashara."

Akanipa kombeo. Akasema wavunaji wanakuja kesho asubuhi, na mpaka wakate mpunga haondoki hata kwa mazishi yake mwenyewe, kwa hivyo kama nataka shahidi nichunge ndege.

Jamani, ile kazi. Ndege wenyewe ni wadogo kama kidole gumba, wanakuja maelfu kama moshi, wanatua, unarusha tope, wanahama shamba moja, jirani anawarusha, wanakurudia. Tope langu la kwanza lilimpata Wanjira. La pili lilinipata mimi mwenyewe, sijui mpaka leo kivipi. Mchana nikaacha kombeo nikajaribu kuwasemesha, nikipiga debe na kuwaeleza kwa sauti waende wapi. Wanjira akasimama nyuma yangu.

"Gachoki, ndege hawaogopi hadithi. Rusha."

Usiku alinipikia wali wa pishori na maharagwe, na nikala bila kusema neno la shukrani, kwa sababu nilikuwa nimeanza kujiogopa.

Alhamisi wavunaji wakaja, wakakata. Saa sita akafunga mlango, akachukua kikapu, akasema, "Naenda. Lakini Nyeri sipiti."

Nikamwambia barabara ya Nanyuki inapitia upande wa Nyeri, na ukiikataa hiyo lazima uzunguke mlima mzima, Embu, Chuka, Meru, Timau.

"Basi tuzunguke."

Sababu nilikuwa naijua na sikutaka aiseme, lakini aliisema. Miaka sita nyuma tulimzika kaka yetu pale Nyeri, na kusoma habari za marehemu nilipewa mimi. Nilikuwa na karatasi yenye majina ya jamaa wote. Nilipofika kwa marehemu kama mwanafunzi nikaongeza kidogo, kama mchezaji mpira nikaongeza sana, mpaka padre akaniangalia akionyesha saa, nikaruka ukurasa. Kwa ule ukurasa kulikuwa na jina moja. Wanjira alikuwa ameketi mstari wa mbele, amevaa nguo mpya, na watu wa Nyeri wakamzika kaka yake wasijue kama ana dada.

Tukazunguka.

KUPITIA EMBU NA CHUKA MPAKA MERU

Tulipata lori la mchele linaloenda Meru. Wanjira alikaa mbele na dereva, mimi juu ya magunia, maana alisema hapo hakuna mtu wa kuongeleshwa. Embu tulikula muthokoi, yaani mahindi yaliyotolewa maganda, kwa mama mmoja aliyetupimia kwa mkono wenye huruma. Barabara baada ya hapo inapanda na kushuka mito. Kila mto lori linashuka likiguna, linapanda likilia, na mimi juu ya magunia nilikuwa nalisaidia kwa sala.

Karibu na Chuka tukasimamishwa na polisi. Mmoja, mtu wa kutoka magharibi kwa jinsi alivyosema, akanitazama pale juu.

"Mzee, unatoka wapi?"

"Nyeri."

"Na unaenda?"

"Nanyuki."

Akageuka akatazama barabara, akatazama mlima. "Mzee, Nyeri na Nanyuki ni majirani. Huku umefika ni nyuma ya mlima. Umepotea?"

"Dada yangu hapiti Nyeri."

"Kwa nini?"

Wanjira akafungua dirisha. "Mwambie. Mwambie yote."

Nikamwambia. Akamwita mwenzake aje asikie, na mwenzake akaniambia nianze tena.

"Kwa hivyo," akasema yule wa kwanza polepole, "ulikula kuku ya watu, ukatoa msitu ya watu wengine."

"Na pilau," Wanjira akasema.

"Na pilau. Mimi kwetu naona watu wanasemea wengine kila siku. Lakini hao huwa wanagombea kiti kwanza." Akainua mkono lori lipite. "Fika huko, mzee. Tafadhali fika."

Meru tuliingia jioni. Tulilala kwa watu wa kanisa la Wanjira, na nilikatazwa kuongoza sala ya chakula.

MERU MPAKA NANYUKI

Ijumaa gari tulilopanda liliharibika Timau. Kule kuna baridi ambayo haina adabu. Mlima uko pale karibu kama ukuta wa jirani na hauonekani, ni ukungu tu na mashamba ya viazi. Tukaingia kibanda cha chai tukingoja fundi, na fundi akawa wa kungojewa kwelikweli.

Wanjira alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Akasema, bila kunitazama, "Ile siku ya mazishi nilikasirika, lakini ile ilikuwa bahati mbaya. Hii ya mama hukuruka ukurasa. Hii ulikaa chini ukaifikiria."

Nikasema watu hawanunui asali kutoka kwa mtoto wa muuza ugoro.

"Ndiyo. Aliuza ugoro soko la Karatina miaka kumi na tisa. Alisaga mwenyewe, macho yakawa mekundu mpaka mwisho. Ndiyo ililipa hizo darasa tatu zako. Na wewe ukamtoa hapo ukamweka msituni na nyuki. Mama hata nyuki alikuwa anawakimbia."

"Nilitaka aonekane mkubwa."

"Alikuwa na ukubwa wake. Hukumwuliza."

Nilikunywa chai ikiwa imepoa, na nikafikiri juu ya kijitabu cha Naserian. Yeye alisafiri kunitafuta kwa sababu mtu asiyewajua watu wake amesimama mbele ya watu akasema wao ni akina nani na wanataka nini. Na mimi nilikuwa nimemfanyia mama yangu mzazi jambo lile lile, kila siku, kando ya msikiti, kwa faida.

Fundi akaja. Ilikuwa ni nati moja.

NANYUKI MPAKA MSITUNI

Jumamosi asubuhi Naserian alitupokea Nanyuki na pickup ya wazi. Lami ikaisha, miti mikubwa ikabaki nyuma, yakaja majani makavu, mawe mekundu na ngamia wa watu. Halafu, baada ya saa nyingi, bonde likafunguka na chini yake kukawa na msitu wenyewe, mwembamba, wa kijani kilichokolea, mierezi yenye mizinga imelazwa juu kama magogo yaliyosahauliwa.

Nilikuwa nimewabebea zawadi, na hapa nyote mtacheka, niliwabebea asali. Chupa kubwa mbili, zangu. Mzee wao mmoja, jina lake Lerima, mtu mwembamba wa makamo yangu mwenye kofia ya sufu, akachovya kidole, akalamba, akafikiri, akampa mwenzake naye alambe.

"Hii ni ya nyuki gani?" akauliza kwa upole.

"Wa Kiganjo."

"Wanakula sukari," akasema mwenzake. Hawakucheka. Walirudisha kifuniko vizuri na kuiweka kivulini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kucheka.

Yule mama mgeni alikuwa amefika, na ofisa wa kampuni pia, na koti lake la kijani na gari safi. Kulikuwa na watu kama hamsini, wamekaa kwa mafungu. Nikadhani tunaanza. Hatukuanza. Lerima alieleza kwamba msitu umegawanywa kwa mabonde, kila bonde na ukoo wake na mizinga yake, na ukoo wa bonde la juu haujafika.

Ofisa akatazama saa. "Lakini wengi wako hapa. Si tuendelee?"

"Na ya bonde la juu nani atasema?"

"Mtawaambia baadaye."

"Hapana," Lerima akasema, kama mtu anayekataa chai.

Tukangoja Jumamosi mpaka giza. Tukangoja Jumapili yote. Ofisa alienda Nanyuki akarudi mara mbili. Mimi nilitumia muda huo kutunga hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri, nawaambia, ilikuwa na dhuluma, na machozi ya mababu, na mahali pa kunyamaza kidogo. Jumatatu asubuhi akatokea mama mzee sana, amejishikiza kwa fimbo, na wajukuu wawili nyuma. Hakuomba radhi wala hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi. Lerima akasema sasa mabonde yote yapo.

Wakaniita mimi kwanza. Nikasimama, nikakohoa. "Ndugu zangu wapendwa wa msitu huu, watu hawa wanataka kuwanyang'anya, na nyinyi mnasema kwa sauti moja—"

"Mzee," Naserian akasema.

"Nawatetea."

"Hatujakutuma. Na hujui kama tuna sauti moja. Unaanza tena."

Nilibaki nimesimama na hotuba yote mdomoni kama viazi moto.

Ofisa akasema, "Huyu mzee aliandika kwa mkono wake kwamba ni wa jamii hii. Mtu ana haki ya kujitambulisha."

Mama mgeni akamgeukia Lerima. "Na nyinyi mnamtambua?"

Lerima akanitazama bila ubaya wowote. Akauliza, "Mama yako alikuwa wa bonde gani?"

Swali lenyewe ndilo hilo tu. Mtoto wao wa miaka mitano angelijibu. Mimi miaka thelathini ya hadithi, na mito, na nyuki, na nyimbo, sikuwa nimewahi kumpa mama yangu bonde.

Wanjira akasimama. "Mama yetu aliitwa Wangechi. Alizaliwa Mathira na amezikwa Mathira. Aliuza ugoro soko la Karatina. Mimi ni mtoto wake wa kwanza na huyu ni wa mwisho."

Wote wakaniangalia mimi.

"Huyu ni dada yangu Wanjira," nikasema, "na ni kama alivyosema. Mimi si wenu. Nilishiba nikasema."

Nikakaa. Ndiyo hotuba fupi kuliko zote nimewahi kutoa. Mama mgeni aliandika, akamwomba ofisa karatasi yenye picha yangu, akachora mstari kutoka pembe moja mpaka ingine, na ofisa akatia sahihi kando ya mstari kwamba ameona. Yule mama mzee wa bonde la juu akaniambia kitu kwa lugha yao. Naserian akatafsiri: "Anasema ugoro kama upo, anaomba." Haukuwepo. Nilijuta sana.

Kisha Lerima akasema sasa wao wanataka kukaa wenyewe. Tukaondolewa sote, mimi, dada, ofisa, hata yule mama mgeni na daftari lake. Tukateremshwa mpaka kwenye magari, mbali kiasi kwamba unasikia sauti lakini hupati neno. Tulisikia watu wakiongea kwa zamu. Tulisikia ubishi, mwanamke mmoja akipaza sauti na mwanamume akimjibu. Kwa hivyo ile sauti moja yangu haikuwepo. Saa moja, mbili, tatu. Jua likahama.

Ofisa akaja akaegemea mti niliokaa chini yake. Alikuwa amechoka, na kusema kweli alikuwa kijana mpole tu. "Mzee, umekaa na hawa siku tatu. Unaonaje, watasema nini?"

Majibu nilikuwa nayo matatu, yote mazuri, na moja lilikuwa na simba.

"Sijui," nikamwambia.

Wanjira akageuka akanitazama kama nimesema Kichina.

Jioni Naserian alishuka na karatasi mbili zilizojaa alama za vidole na sahihi, mabonde yote. Moja akampa mama mgeni, ingine ofisa. Ofisa akasoma, akarudi juu akasoma tena, akaikunja vizuri akaitia mfukoni wa ndani.

Nikamvuta Naserian kando. "Mmekubali ama mmekataa?"

"Mzee, ile yako imefutwa. Ulikuja kufanya hiyo, na umefanya, asante. Hii ingine ni yetu."

"Nitaambia nini watu wa Majengo?"

Akacheka kidogo, akanishika bega, akanisaidia kupanda pickup.

Jumanne tulirudi kwa njia ile fupi, na Wanjira akapita Nyeri akitazama mbele, akashuka kwangu akanywa maji akaenda zake Mwea. Sasa kila siku mnaniuliza kwa Mama Zaina, wale watu walisema nini mwishowe, ua utawekwa ama hautawekwa. Sijui. Mnaniambia nikisie tu. Sikisii. Barabara ya Nanyuki ipo, na ukifika uliza msitu, watakuonyesha. Nendeni mkawaulize wenyewe.